Kipimo cha mwendo kikidanganya angani: fanya hivi, kwa mpangilio huu

Mwongozo huu nimeuandikia marubani wanafunzi wanaohamia ndege kubwa, pamoja na yeyote anayetaka kujua kinachofanyika nyuma ya ule mlango uliofungwa wa chumba cha marubani. Takwimu ni za Boeing 737NG. Ukirusha ndege nyingine, fuata kitabu chake.

Ujue kwanza namba ya mwendo inatoka wapi. Mrija wa pito, ulio nje karibu na pua, hupokea upepo unaoipiga ndege uso kwa uso. Matundu madogo ya ubavuni hupokea hewa tulivu. Kompyuta hupima tofauti ya migandamizo hiyo miwili, na huo ndio mwendo unaousoma. Barafu, udongo wa nyigu au utepe uliosahauliwa ukiziba sehemu mojawapo, skrini inaweza kuendelea kukuonyesha namba isiyo na dosari kwa macho, na isiyo kweli.

Hatua ya 1: Ikamate ukiwa bado ardhini. Ndege ikikimbia kuruka, rubani asiyeshika usukani hutamka mwendo ufikapo noti 80, yaani kama kilomita 148 kwa saa. Mwenzake hulinganisha na kipimo chake. Visipolingana, simamisha ndege hapo hapo. Tarehe 6 Februari 1996, huko Puerto Plata katika Jamhuri ya Dominika, kapteni wa Boeing 757 ya Birgenair aliona kipimo chake hakifanyi kazi ndege ikiwa bado inakimbia, akaendelea kuruka. Walikufa watu 189.

Hatua ya 2: Ikitokea angani, tamka, kisha zima. Mwambie mwenzako kwa sauti kwamba mwendo hauaminiki. Zima otopailoti, zima mfumo unaorekebisha nguvu za injini wenyewe, zima na alama za skrini zinazokuelekeza pa kuiweka pua. Ile ya Birgenair ndiyo inayoeleza kwa nini. Otopailoti ilikuwa ikifuata upande wa kapteni, na mrija uliozibwa huonyesha mwendo ukiongezeka kadiri ndege inavyopanda. Mitambo ikainua pua na kupunguza nguvu ili kuzuia mwendo ambao haukuwepo, hadi mwendo wa kweli ukaisha.

Hatua ya 3: Weka pua na nguvu. Hapa ndipo uhai ulipo. Flapu (vipande vya bawa vinavyotolewa wakati wa kuruka na kutua) zikiwa nje, pua digrii 10 juu ya upeo na injini asilimia 80 ya N1, yaani kasi ya feni ya mbele ya injini. Flapu zikiwa ndani, digrii 4 na asilimia 75. Zikariri mpaka mikono izijue. Ndege yenye pua na nguvu zinazojulikana itakwenda kwa mwendo salama, hata kama hakuna kipimo kinachousema.

Kwenye simyuleta wanafunzi wengi huanza kumtafuta mwongo, yaani kipimo kinachodanganya, kabla hawajaishika pua, na macho yao hukimbilia ile namba mbovu. Nawazuia kila mara. Juni 1, 2009, Air France 447 ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, barafu iliharibu vipimo vya mwendo kwa takriban dakika moja tu. Rubani aliyeshika usukani alivuta pua juu, ndege ikapanda kutoka futi 35,000 hadi karibu 38,000, mabawa yakashindwa kuibeba. Watu 228 walipotea katika Atlantiki. Kuiacha pua na nguvu zilivyokuwa kungetosha.

Hatua ya 4: Sasa mtafute mwongo. Una vipimo vitatu: cha kapteni, cha rubani mwenza, na cha akiba. Viwili kukubaliana si ushahidi, kwa sababu barafu huweza kuziba mirija miwili kwa pamoja. Linganisha kila kimoja na majedwali ya kitabu, yanayoonyesha mwendo wa kila pua na nguvu, na mwendo wa ardhini wa GPS, ukikumbuka upepo.

Angalia pia tabia ya kosa. Mwendo ukipanda unapopanda na kushuka unaposhuka, shuku mrija wa pito. Kimo kikiganda huku ndege inapanda na mwendo unaonekana kupungua, shuku matundu ya ubavuni. Usukani ukitetemeka upande mmoja (onyo kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege) huku mwendo wa pande mbili ukitofautiana, shuku kihisi cha pembe ya upepo, kinachopima pembe ambayo upepo unalipiga bawa. Ndivyo ilivyokuwa kwenye Ethiopian 302 iliyoruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi tarehe 10 Machi 2019.

Hatua ya 5: Waambie waongozaji wa ndege, lakini ujue cha kuwauliza. Tangaza dharura na uombe nafasi juu na chini yako. Mwendo wa ardhini wanaouona kwenye rada unakufaa. Kimo wanachokusomea kinatoka kwenye kompyuta ya ndege yako mwenyewe, kwa hiyo usikitegemee. Aeroperú 603 ilipotoka Lima usiku wa 2 Oktoba 1996, matundu ya ubavuni yalikuwa yamefunikwa kwa utepe uliobaki baada ya ndege kuoshwa. Marubani walimuuliza mwongozaji kimo, akawajibu futi 9,700, nao walikuwa karibu kugusa maji. Watu wote 70 walikufa. Chini ya futi 2,500 amini kipimo cha kimo cha redio, kinachopima umbali hadi chini kwa mawimbi ya redio, na ukisikia onyo la ardhi, panda.

Hatua ya 6: Tua. Chagua njia ndefu ya kutulia na hali nzuri ya hewa, shuka kwa majedwali, toa flapu mapema.

Hatua ya 7: Andika daftari la ufundi kikamilifu. Oktoba 28, 2018, marubani wa Lion Air walifika Jakarta na ndege ambayo usukani wake ulikuwa umetetemeka karibu safari nzima. Waliandika kwamba mwendo na kimo havilingani. Mtetemo hawakuuandika. Asubuhi yake ndege hiyo hiyo ilianguka katika Bahari ya Java na watu 189. Andika ni upande upi, kimo gani, flapu zilikuwaje, kama kulikuwa na mawingu au barafu, kila onyo lililolia hata kama lilinyamaza lenyewe, kisha msubiri fundi umweleze kwa mdomo kabla hujashuka.