Mkono uliopooza sio wa kuvutia mgonjwa

Nyie mnaouguza mtu aliyepooza upande baada ya kiharusi, iwe Igoma, Buhongwa hapa Mwanza au kokote, jamani msimnyanyue kitandani kwa kumvuta ule mkono uliolegea, misuli inayoshikilia bega haina nguvu so bega linaachia taratibu, na likishaanza kuuma hapo mazoezi atayagomea yote. Mshike kiunoni, hata kanga ukiikunja ukamfunga kiunoni unapata pa kushikia. Akikaa mkono ulale juu ya mto, usining'inie. Usiku mgeuzeni kila baada ya masaa 2 hivi, vidonda vya mgongo ni kesi nyingine. Na mkienda fizio (mazoezi ya viungo) pale hospitali ya Bugando ombeni kurekodi zoezi kwa simu, mkifika nyumbani nusu mshasahau.