Mambo ya Kuzingatia Kabla Wakaguzi Hawajafika Kwenye Shirika la Hospisi

Shirika la hospisi, yaani linalohudumia wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha, linalolipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani inayohudumia hasa wazee, hukaguliwa angalau mara moja katika kila miezi 36, na wakaguzi hufika bila taarifa. Maandalizi yanayoanza siku mgeni anapojitambulisha mapokezini yamekwisha kuchelewa. Anayekaa mapokezini ajue ni nani wa kupigiwa simu, na awepo mtu wa pili wa kushika nafasi hiyo endapo mkurugenzi yuko safarini.

Leseni za wauguzi, vyeti vya wahudumu wa nyumbani na uthibitisho kwamba rekodi zao za uhalifu zimechunguzwa viwe vimekamilika na havijapita muda. Mpango wa dharura unapaswa kupitiwa angalau kila baada ya miaka 2, nao uwe na tarehe ya mara ya mwisho ulipopitiwa. Saa za wanaojitolea zisipungue asilimia 5 ya saa za huduma zinazotolewa kwa wagonjwa na wafanyakazi wanaolipwa. Mashirika mengi hufikia kiwango hicho, ila hayaandiki, na kisichoandikwa mkaguzi hawezi kukihesabu. Orodha za wagonjwa waliopo, waliopokewa karibuni, walioruhusiwa kutoka na waliofariki ziweze kuchapishwa papo hapo, kwa sababu ndizo za kwanza kuombwa.

Majalada ya wagonjwa yanahitaji muda zaidi. Kaa na kalenda na uhesabu siku mwenyewe, usitegemee rangi zinazooneshwa na programu ya kompyuta. Tathmini ya awali ya muuguzi hufanywa ndani ya saa 48 tangu mgonjwa achague huduma ya hospisi, na tathmini kamili hukamilika ndani ya siku 5. Mpango wa huduma hupitiwa na timu nzima, yaani daktari, muuguzi, ofisa ustawi wa jamii na mshauri wa kiroho au wa nasaha, angalau kila baada ya siku 15, na muuguzi hufika nyumbani kusimamia kazi ya mhudumu angalau kila baada ya siku 14. Medicare hulipia hospisi kwa vipindi vinavyofuatana, na mgonjwa anayeingia kipindi cha tatu cha huduma sharti awe ameonwa ana kwa ana na daktari au muuguzi mwenye mamlaka hayo, ndani ya siku 30 kabla kipindi hicho hakijaanza. Soma pia maelezo ya daktari kuhusu kwa nini mgonjwa anakadiriwa kuwa na miezi 6 au pungufu ya kuishi: yakifanana neno kwa neno katika majalada matatu ya wagonjwa watatu, yaani yamenakiliwa, na mkaguzi ataligundua hilo upesi.

Hata hivyo, majalada safi hayatoshi, kwa sababu wakaguzi hufuatana na wafanyakazi hadi nyumbani kwa wagonjwa, na huko ndiko nilikoona shirika moja likiumbuka. Jalada la mgonjwa aliyetembelewa lilikuwa la kupigiwa mfano: saini zote, tarehe zote, na katika kila ziara muuguzi alikuwa ameweka alama ya vema kwenye mstari unaosema dawa zimepitiwa na hakuna mabadiliko. Mkaguzi, mama mmoja mpole, akamgeukia binti wa mgonjwa na kusema, “Hebu nioneshe kila unachompa mama.” Binti akaleta kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo daktari alikuwa ameisitisha, chupa ya mofini ya maji, na kifuko cha unga wa mitishamba. “Hiyo alituletea shangazi,” akaeleza, “mama analala vizuri akiinywa.” Lebo ya mofini ilikuwa na kipimo kimoja, orodha ya ofisini ilikuwa na kingine, na binti alikuwa akimpa mama yake kipimo cha tatu, alichoelekezwa kwa simu usiku wa Jumamosi na muuguzi wa zamu, ambaye aliandika maelekezo hayo kwenye daftari la simu na yakaishia humo.

Mkaguzi hakugomba wala kuuliza mengi, aliandika tu. Aliporudi ofisini aliomba majalada mengine zaidi, na kuanzia hapo zile alama za vema ziligeuka kuwa ushahidi dhidi ya shirika, kwa kuwa kila moja ilidai kufanyika kwa kazi ambayo kopo lile lilionesha haikufanyika. Kanuni zinataka mapitio ya dawa yahusu hata zinazonunuliwa bila cheti cha daktari na hata za mitishamba. Kwa hiyo, katika kila ziara, muuguzi aombe dawa zote zitolewe mezani, asome lebo moja baada ya nyingine, na amwombe anayempa mgonjwa dawa aoneshe kwa sindano ya kupimia ni kiasi gani anachovuta. Mabadiliko ya usiku yahamishiwe kwenye orodha kabla muuguzi wa zamu hajakabidhi kazi asubuhi. Msimamizi naye afuatane na wauguzi nyumbani mara kwa mara, bila kuwaarifu siku mbili kabla.

Pigia namba ya zamu usiku wa manane uone inapokewa baada ya muda gani. Familia iwe imeelezwa namna ya kuteketeza dawa zinazodhibitiwa, kama mofini, na maelezo hayo yawe kwenye jalada. Familia za waliofariki ziendelee kufikiwa, kwani huduma ya faraja hutakiwa ipatikane hadi mwaka 1 baada ya kifo. Waambie wafanyakazi wajibu walichoulizwa, na wasiojua waseme hawajui kisha watafute. Asiwepo wa kuifundisha familia majibu, wala wa kurudisha tarehe nyuma kwenye jalada: dosari hurekebishika, lakini kughushi ni kosa la aina nyingine kabisa. Ripoti ikija na dosari, mtakuwa na siku 10 za kuwasilisha mpango wa marekebisho, na msiahidi humo kukagua majalada yote kila wiki iwapo aliyepo wa kuyakagua ni mmoja na bado ana wagonjwa wake.