Saladi ya haidroponiki nje, wakati wa joto kali

Haidroponiki ni kukuza mimea kwenye maji yenye virutubisho, bila udongo. Saladi ni mboga ya baridi. Joto likipanda hugoma kuota, majani huwa machungu, shina la maua huchomoza mapema. Wengi hukimbilia kuongeza kivuli, lakini adui mkubwa yuko chini: maji ya moto mizizini. Hewa ikiwa nyuzijoto 32 mchana, saladi bado huenda vizuri mradi maji yake yako kati ya 20 na 24.

1. Sanduku

Tafuta sanduku la stairofomu lenye mfuniko, la lita 60 au zaidi, kama yale ya kusafirishia samaki. Achana na ndoo. Ndoo ya lita 20 hupata moto kabla ya adhuhuri, na ikiwa nyeusi ndiyo mbaya kabisa. Tandika ndani nailoni nene nyeusi: huzuia kuvuja, na huzuia mwanga unaoleta mwani. Toboa mfuniko matundu ya sentimita 5, yaachane sentimita 20, yapokee vikombe vya matundu vya kushikilia miche. Toboa pia tundu dogo ubavuni, karibu na ukingo, maji ya mvua yakizidi yapate pa kutokea.

2. Miche

Mbegu ya saladi hulala ikikuta joto la nyuzijoto 30 na zaidi. Ilaze kwenye karatasi yenye unyevu, ndani ya friji, siku 2 au 3, kisha ipande juujuu kwenye sponji bila kuifukia, kwa sababu inapenda mwanga. Chagua aina zinazovumilia joto: Muir, Nevada, Jericho. Za kufunga kichwa ziache zisubiri msimu wake. Mche ukiwa na majani 3 au 4 halisi, uhamishe pamoja na sponji yake kwenye kikombe. Usawa wa maji mwanzoni uguse kitako cha kikombe tu.

3. Virutubisho

Kwa kila lita 20:
- gramu 9 za mbolea ya NPK (naitrojeni, fosforasi, potasiamu) ya haidroponiki ya 4-18-38 yenye madini madogomadogo
- gramu 4.5 za magnesiamu salfeti
- gramu 9 za kalsiamu naitreti

Yeyusha NPK kwanza, kisha magnesiamu, na kalsiamu mwisho kabisa, tena iwe imeyeyushwa peke yake kwenye chombo kingine. Zikikutana zikiwa nzito, kalsiamu hushikana na salfeti na fosfeti, inatuama chini kama chokaa, na mmea hauipati tena.

EC, yaani kipimo cha chumvi za mbolea zilizoyeyuka majini, ilengwe 1.2 mS/cm hivi. Kwenye joto mmea hunywa maji mengi kuliko chumvi, kwa hiyo EC hupanda yenyewe. Ongeza maji matupu kwanza, kisha pima. pH (kipimo cha uchachu wa maji) iwe 5.5 hadi 6.5, ukiishusha kwa asidi ya fosforiki kidogo kidogo. Nunua kipima EC kizuri kabla ya kitu kingine chochote. Kukadiria kwa macho hakufai.

4. Kupoza maji

Hapa ndipo kazi ilipo. Maji ya nyuzijoto 20 hubeba oksijeni miligramu 9 hivi kwa lita. Yakifika 30 hubaki na 7.6. Wakati huohuo mizizi yenye joto inahitaji oksijeni zaidi, na kimelea cha Pythium, kinachoozesha mizizi, kinastawi. Dalili yake ni mche kunyauka saa saba mchana ilhali umesimama majini. Ukiinua mfuniko, mizizi ni ya kahawia, inateleza, inanuka. Ukifika hapo usihangaike na dawa. Tupa miche, sugua sanduku kwa klorini, suuza, anika.

Kuzuia ni rahisi zaidi:

Zika sanduku nusu au zaidi ardhini, mahali pasipotuama maji. Lisimame penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, na juu yake weka neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50. Ukizidisha hapo majani hurefuka na kulegea.

Maji yakikaribia nyuzijoto 23, zamisha chupa ya barafu iliyofungwa. Chupa ya lita 2 hushusha lita 60 kwa takriban nyuzi 3. Iweke mapema, saa nne asubuhi, maana kushusha maji yaliyokwisha kupata moto hula barafu nyingi. Usimwage barafu yenyewe ndani: itazimua virutubisho. Pima joto chini na juu, si juu tu.

Pampu ya hewa, ya kuongeza oksijeni majini, iendeshwe saa 24, ikae kivulini. Ikiwa juani inapuliza hewa ya moto ndani ya maji, na kazi yote hapo juu inapotea. Iinue juu ya usawa wa maji, umeme ukikatika maji yasirudi kwenye pampu.

5. Ncha zikiungua

Majani ya ndani yakiwa na ncha za kahawia, usiongeze kalsiamu. Kwa kawaida imo majini, ila haifiki kwenye majani machanga yasiyopumua vya kutosha. Punguza EC hadi 1.0 na upe miche upepo.

6. Kuvuna

Vuna alfajiri, kabla ya jua kupiga, wiki 4 hadi 5 baada ya kuhamisha. Katikati ya mche ikianza kurefuka kwenda juu, vuna siku hiyohiyo, hata kama ni mdogo: kila siku inayoongezeka huzidisha uchungu wa majani.