Panga darasa la awali kwanza kabla hujaanza kufokea watoto: hatua kwa hatua

Habari zenu walimu wenzangu wa awali na chekechea. Nafundisha huku Mafinga mkoani Iringa, na kila Januari watoto wapya wakiingia lazima usikie ofisini "mwaka huu tumeletewa watundu kweli". Mimi naamini kabisa kwamba sehemu kubwa ya huo utundu inatoka kwenye chumba chenyewe. Mtoto wa miaka minne au mitano ukimwachia nafasi ndefu tupu atakimbia tu, ukileta gari moja la kuchezea kwa watoto kumi watagombana, ukimkalisha nyuma kabisa asikokuona atajitafutia kazi. Kwa hiyo kabla ya adhabu tuanze na chumba.

Hatua ya 1: angalia, usihamishe kitu bado

Chora darasa lako kwenye karatasi, mlango, madirisha, ubao, madawati, ndoo ya maji, vyote. Alafu wiki nzima kila ugomvi ukitokea weka alama ya X pale ulipotokea. Usiandike jina la mtoto, wewe weka sehemu tu. Ijumaa utaona X zimerundikana sehemu mbili tatu, mara nyingi ni mlangoni, kwenye maji, na pale wanapoweka mabegi na masweta. Hapo ndo pa kuanzia.

Hatua ya 2: mlangoni

Huku kwetu hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia Juni mpaka Agosti mtoto wa Njombe, Makete au hapa Mafinga anakuja na sweta mbili, kofia na begi kwa sababu ya baridi, ikifika saa nne jua limetoka wote wanavua kwa pamoja, zinakuwa lundo moja, na masweta ya shule yanafanana yote, basi hapo ni kuvutana na kulia. Mtengenezee kila mtoto sehemu yake ya kutundika. Misumari mitupu hapana, mtoto akisukumwa itamchoma, mwambie fundi akuchongee vigingi vya mbao vyenye ncha butu, aviweke kama sm 120 kutoka chini, yaani juu ya kichwa cha mtoto ila akinyoosha mkono anafika. Juu ya kila kigingi bandika picha: jogoo, jua, parachichi, baiskeli. Jina lake hajui kulisoma bado lakini picha yake hasahau. Na vigingi visikae ukuta mmoja, gawa pande mbili wasibanane. Kipindi cha mvua weka gunia la kufutia tope na mabuti yapangwe barazani.

Hatua ya 3: vunja uwanja wa mbio

Ukisimama mlangoni ukaona njia imenyooka mpaka ukuta wa mwisho, ujue watoto nao wanaiona. Ikate kwa shelfu fupi, meza, hata benchi. Shelfu isizidi sm 70 hivi ili wewe ukisimama popote uwaone wote, na ile ndefu ya kabati ipeleke ukutani uifunge isije ikamwangukia mtu. Njia za kupita ziache kama sm 90, watoto wawili wapishane bila kugusana. Mlango usizibwe kabisa kabisa. Yale madawati marefu ya shule ya msingi kama mkuu wa shule anakubali yatoe, tandika mikeka, ile ya Kyela inadumu.

Hatua ya 4: kona, na nani anakaa jirani na nani

Kona za kujifunzia, yaani sehemu za darasa ambazo kila moja ina vifaa vya mchezo wake, tunazijua wote, ila wengi tunaziweka popote penye nafasi. Kona zenye kelele ziwe pamoja, ya ujenzi na ya kuigiza nyumbani ni majirani wazuri, alafu vitabu na hesabu upande mwingine. Rangi na udongo karibu na maji.

Ya ujenzi ndo inataka umakini zaidi. Mabloku huku hatununui, viwanda vya mbao vimejaa, omba vipande vya mabaki ya msonobari, upige msasa mpaka mkono usikwaruzike. Sasa fikiria katoto kamejenga mnara wake bloku saba nane, ulimi umetoka nje kwa umakini, mwenzake anapita kwenda chooni anaugonga, mnara chini. Anainuka na bloku mkononi anampiga nalo. Utamwadhibu kesho lakini keshokutwa itajirudia, mana kona iko njiani! Ipeleke pale kuta mbili zinapokutana, mbele weka shelfu, tandika mkeka chini upunguze kelele. Anayepita hana sababu ya kufika pale tena.

Hatua ya 5: idadi

Midoli mitatu inayofanana ni bora kuliko mitatu tofauti, kwa umri huu anachotaka ni kilekile alichoshika mwenzake. Vizibo, magunzi, makopo, hivi vinapatikana bure, weka vingi. Alafu kila kona iwe na kikomo, tundika mikufu minne ya kamba pale kwenye kona, ukiingia unavaa, ikiisha kona imejaa, nenda nyingine. Mtoto anajionea mwenyewe, huhitaji kumfukuza.

Najua mtaniuliza, madam sisi tuko na watoto 70 darasa moja. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 na wengi wetu hatujawahi kukiona. Gawa makundi, kundi moja kwenye kona, lingine mkekani na nyimbo na hadithi, lingine barazani ambapo unaliona kupitia mlangoni, ukimpata mzazi wa kujitolea akae na hilo la nje ni vizuri sana. Kama chumba mnachangia na darasa la kwanza, kila kona ifanye ya kwenye boksi, unaitoa na mkeka wake asubuhi, mchana unafunga.

Hatua ya 6: kila kitu na picha yake

Makopo na vikapu vya milulu (majani ya kusukia), nje bandika picha ya kilichomo ndani. Usichotaka kiguswe kisionekane. Ukutani pia punguza, ukibandika chati mpaka kwenye dari hawaangalii hata moja.

Hatua ya 7: kona ya kutulia

Mto, kitenge kizito, kitabu kimoja, mdoli. Ni ya mtoto aliyekasirika, aliyemkumbuka mama, au aliyechoka kelele, anaenda mwenyewe anarudi mwenyewe. Tafadhali isiwe sehemu ya adhabu, siku utakayompeleka mtu pale kwa hasira hakuna atakayeitaka tena. Na iwe unapoiona muda wote.

Hatua ya 8: wafundishe chumba

Kona zote usizifungue siku ya kwanza. Fungua mbili, muonyeshe kuvaa mkufu, kucheza, kurudisha, kisha wimbo mmoja wa kukusanya vitu na usiubadilishe. Sheria ziwe tatu kwa picha, na ziseme la kufanya: ndani tunatembea, tunapeana zamu, tunarudisha mahali pake.

Baada ya wiki mbili chora tena ramani yako na X, ulinganishe na ile ya kwanza. Pale zilipobaki badilisha kitu kimoja tu, subiri uone. Na kama zimepungua kote ila kuna mtoto mmoja bado ana shida kila kona, hapo tatizo sio meza wala shelfu. Muite mzazi mkae kwa upole, ulizia usiku analala saa ngapi, asubuhi anapata uji, na wewe jaribu kumuita ukiwa nyuma yake uone kama anasikia.