Miguu ikiwaka moto usiku: dawa zilizonisaidia na namna ya kuzitumia

Mimi ni fundi cherehani, Tandika, na huu ni mwaka wa 11 na kisukari. Kuna kipindi nililala miguu nje ya shuka. Hata khanga ikigusa nyayo, nahisi nimekanyaga makaa. Nikawa nameza diklofenaki, moja ya dawa za kawaida za maumivu. Usinifuate. Maumivu haya yanatoka kwenye neva (mishipa ya fahamu) zenyewe, dawa hizo haziyatulizi, na zinaumiza figo ambazo sukari imeshazichosha.

Kliniki usiseme tu "miguu inauma." Eleza: inawaka, inachoma kama pini, ina ganzi, inazidi usiku. Niliposema siisikii pedali ya cherehani ndipo daktari akaniambia nivue viatu. Kama umemeza metformini, kidonge cha sukari, miaka mingi, omba upimwe vitamini B12. Ikipungua, huleta ganzi hiyohiyo.

Mimi niliandikiwa amitriptilini, miligramu 10 kila usiku, ikapandishwa taratibu. Ukiambiwa ni dawa ya sonona usishtuke. Kwa neva hutolewa kwa dozi ndogo. Mdomo hukauka, choo huwa kigumu, na asubuhi una usingizi: nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja la sendofu! Mwenye ugonjwa wa moyo, au mzee mwenye tezi dume, amwambie daktari kabla hajaandikiwa. Nafuu haiji kesho yake. Nilihesabu wiki 5.

Ikikushinda, ipo duloksetini, zipo gabapentini na pregabalini. Hizi mbili dozi yake hupunguzwa kama figo ni dhaifu. Usiache yoyote ghafla kwa kuwa umepata nafuu. Ipo pia krimu ya kapsaisini, inayotokana na pilipili. Siku za mwanzo inawasha kwelikweli. Usiipake kwenye kidonda, na nawa mikono kabla hujagusa macho.

Hakuna hata moja inayorudisha neva kama zamani. Yangu yamepungua kama nusu, nalala, nashona. Kuzuia yasiendelee ni kazi ya kudhibiti sukari.

Jirani atakwambia ukande kwa maji ya moto. Kataa, mguu wenye ganzi unaungua bila wewe kujua. Kila jioni mjukuu wangu ananimulikia nyayo kwa tochi ya simu. Mwezi uliopita alikuta pini ya kazini imezama kisiginoni, nami nilikuwa nimetembea nayo tangu asubuhi.