Ukitaka kwenda Aisilandi kusomea mvuke, anzia kwenye kisima chako

Vijana wa Olkaria, eneo la visima vya mvuke wa kuzalisha umeme karibu na Naivasha, Kenya, huniuliza fomu ya kwenda kusoma Aisilandi inapatikana wapi. Mimi huwauliza: bosi wako anajua unataka kwenda kusomea nini? Mafunzo haya ya miezi sita ya jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, yaliyoanza mwaka 1979 na ambayo sasa yako chini ya GRÓ, kituo kilicho chini ya mwavuli wa UNESCO, hayapokei maombi ya mtu binafsi. Mwajiri ndiye anayekupendekeza, halafu waandaaji wa mafunzo wanakuhoji. Kwa hiyo mwonyeshe bosi pengo lililopo kazini. "Nataka kuongeza ujuzi" haimsaidii kukutetea.

Chagua tawi moja: jiolojia ya visima, jiofizikia, kemia, uchimbaji, mazingira, na mengineyo. Kisha tafuta swali la kisima mnachokifahamu. Hapa usiwe na haraka, maana ndipo safari nzima inapopata thamani.

Chukua jiolojia ya visima. Mtambo ukichimba, tunachukua vipande vya mwamba kila mita 2, tunaviosha, tunavitazama kwa hadubini. Ukianza kuona epidoti, madini ya kijani yanayoelekea manjano, ujue mwamba ule umewahi kufika nyuzi joto 240 hivi za Selsiasi au zaidi. Sasa linganisha na joto lililopimwa kisimani leo. Kama kipimo kiko chini sana, huenda sehemu ile imepoa, na kisima kinachofuata pengine kisogezwe. Swali kama hilo ndilo la kwenda nalo Reykjavík, mji mkuu wa Aisilandi, kwa sababu mradi wako wa mwisho unaweza kuufanyia kwa data za nyumbani.

Panga data kabla ya kuondoka: jina la kisima, kina, tarehe ya kipimo. Omba kibali cha maandishi cha kuzitumia, kwani ripoti yako itachapishwa na kusomwa na yeyote.

Ukifika, uliza sana kuhusu maji ya moto. Nyumba nyingi mno kule hupashwa joto na maji ya visima, ilhali sisi tumekazana na umeme. Shamba la maua la Oserian, Naivasha, limeonyesha kuwa joto hilo linafaa hata kwenye vibanda vya mimea. Binafsi naamini huko ndiko Kenya bado ina mengi ya kuchuma katika urafiki wake na Aisilandi.

Ukirudi, usiiache ripoti kabatini. Omba saa moja na wachimbaji, uwaonyeshe ulichokipata kabla hawajachagua mahali pa kisima kipya.