Kurekodi vipindi vya HD nyumbani: mwongozo kwa wakazi wa Mwanza

Anayetaka kurekodi vipindi vya HD, yaani vyenye picha ya ubora wa juu, aamue, kabla hajaingia dukani, picha itachukuliwa katika hatua gani ya safari yake. Matangazo ya kidijiti hufika yakiwa yamebanwa, na king'amuzi chenye uwezo wa kurekodi huyahifadhi kwenye diski vilevile yalivyopokewa, kwa hiyo ukiyatazama kesho yake hutaona tofauti na ya moja kwa moja. Kinasa cha pembeni, yaani kisanduku cha kurekodi kinachounganishwa na king'amuzi kwa waya, hupokea picha iliyokwisha kufunguliwa, na shida huanzia hapo. Tundu la HDMI, linalotoa picha ya HD na sauti kwa waya mmoja, hubeba kinga ya hakimiliki, ambayo kwa chaneli nyingi za kulipia humwachia mrekodi skrini nyeusi, ilhali zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe hupitisha picha ya kiwango cha kawaida tu, hata runinga yako ingekuwa ya bei gani. Ushauri wangu ni kununua king'amuzi kinachorekodi chenyewe na kuachana na visanduku vya pembeni. Ila ujue kwamba rekodi za chaneli za kulipia kwa kawaida hufunguka kwenye king'amuzi kilekile kilichozirekodi pekee. Usimwahidi shemeji wa Ukerewe kwamba utampelekea mechi kwenye flashi.

Ili urekodi chaneli moja huku ukitazama nyingine, king'amuzi kwa kawaida huhitaji kuwa na vipokezi viwili. Kwa dishi, hilo mara nyingi lina maana ya LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachonasa mawimbi) yenye matundu mawili na nyaya mbili zinazoshuka hadi ndani. Zipo LNB zinazopitisha yote kwa waya mmoja, lakini ni sharti ziendane na king'amuzi husika, kwa hiyo mwulize fundi kabla hajapanda juu ya bati. Mwanza iko karibu na Ikweta, takriban nyuzi 33 Mashariki, na dishi linaloelekezwa kwenye setilaiti ya nyuzi 36 Mashariki hulala likitazama karibu utosini kama sinia. Maji ya mvua na vumbi hutuama ndani yake, hivyo hakikisha kuna njia ya maji sehemu ya chini kabisa. Kwa wenye antena, hasa waliojenga chini ya miamba ya Igogo au Mabatini, jiwe kubwa lililosimama kati ya nyumba na mnara hukata mawimbi, na mara nyingi dawa ni kuinua mlingoti au kuuhamishia upande mwingine wa paa.

Kutoka king'amuzi hadi runinga tumia waya wa HDMI, kisha ingia kwenye mipangilio ya picha uchague idadi ya mistari yake: 1080, au 720 ikiwa ndicho kiwango cha runinga yako. Hatua hii hurukwa na wengi, na king'amuzi kikibaki kwenye 576 utakuwa unatazama picha ya kawaida kupitia waya wa HD.

Chaneli ya HD inayokuja kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde hula takriban GB 3.6 kwa saa, hivyo diski ya GB 500 huhifadhi zaidi ya saa 130. Diski ya nje iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haikubali faili linalozidi GB 4, na ndiyo sababu mechi ndefu hukutwa imekatwa vipande viwili.

Penye makosa mengi zaidi ni saa. King'amuzi huhesabu kuanzia usiku wa manane: taarifa ya habari ya saa 2 usiku huandikwa 20:00, na eneo la saa lazima liwe GMT+3. Wapenzi wa ligi ya Uingereza wana mtego wa ziada, kwa kuwa Waingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mechi inayoanza saa 9 alasiri kwao huanza hapa saa 11 jioni wakati wa kiangazi chao, na saa 12 jioni majira yao ya baridi, kwa hiyo ratiba ya kila wiki uliyoiweka Agosti itarekodi porojo za wachambuzi ifikapo Novemba. Ongeza nusu saa mwishoni kwa ajili ya dakika za nyongeza, na uzime kwa rimoti tu, kwani ukizima swichi ya ukutani hakuna kitakachorekodiwa.

Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, faili huweza kuharibika lote. UPS ndogo, yaani betri inayoshika umeme unapokatika, hutosha kwa king'amuzi na diski yake. Haisaidii, hata hivyo, dhidi ya radi za usiku zinazotoka ziwani: kabla hazijaanza kupiga karibu, chomoa plagi na nyaya za dishi pia, hata kama kipindi bado kinaendelea kurekodiwa.